Ile alama ya kutoa
Leo nimejicheka maabara. Miaka yote niliamini bondi ya kemikali (kile kinachoshikanisha atomi) ikivunjika nishati inatoka. Kumbe kinyume! Kuvunja kunakula nishati, kuunda ndiko kunakoitoa, na badiliko la enthalpia (joto linaloingia au kutoka) ni tofauti ya hizo mbili tu.

Nimeyeyusha sodiamu hidroksaidi kwenye maji, bika likapata moto hadi nikaliweka chini haraka (glavu jamani, ile kitu inaunguza ngozi). Kilojuli 44 na ushee kwa kila moli (kipimo cha kiasi cha kemikali), zenye alama ya kutoa (−). Nikahamia amoniamu naitreti: bika likawa baridi, likatoa jasho kwa nje. Hapo ni karibu 26, alama ya kujumlisha (+). Alama ya kutoa nilidhani inamaanisha ubaridi! Kumbe kinachopoteza nishati ni mfumo, yaani kemikali zenyewe ndani ya bika. Joto lake nimelipata mimi kiganjani.