Bibi alikosa wa kumsimulia

Nilikua nasoma Kunming, kusini magharibi mwa China, treni ya kasi ya kwenda Nanning ilikua imeshaanza kusimama Guangnan, sa jamaa niliekua nasoma nae akaniambia twende kwao kijijini tukamrekodi bibi yake, maana umri umeenda na nyumbani kwao hakuna mwingine anaeongea Kibuyang, lugha ya Wabuyang. Serikali ya China inawahesabu Wabuyang ndani ya Wazhuang, kabila kubwa la huko kusini, na lugha yenyewe ina wasemaji kama 2,000 hivi, hasa hapo Guangnan na wilaya jirani ya Funing.

Tulibeba orodha ya maneno: kichwa, jicho, chawa, kufa, nane. Wataalamu wanayapenda sana haya kwasababu Kibuyang kimetunza silabi mbili pale ambapo lugha ndugu zake, kama Kithai, zimebaki na moja. Jicho kwa Kithai ni ta, kwa bibi ni mata, na huko baharini Wamalei nao wanasema mata. Wapo wataalamu wanaosema huo ni undugu wa zamani mno, njia nzima nilikua nauwaza.

Bibi alijibu kila neno, toni, yani ule mpando wa sauti unaobadili maana ya neno, inapanda, inashuka, mjukuu anaandika. Tulipomwomba hadithi ndo akanyamaza. Akamwambia mjukuu kwa Kizhuang, sasa nimsimulie nani hapa? Na kweli, mkwe wake anaongea Kizhuang, watoto wanaongea Kichina cha shule, mimi ndo kabisa.

Basi tukapanda mlima kumfuata rafiki yake, bibi mwingine wa rika lake. Jamani! Walivyokaa tu wale wawili Kibuyang kikawa kama lugha nyingine kabisa, wanakatizana, huyu hajamaliza mwenzie keshadakia, wanacheka mpaka wanashikana mikono, na zile toni zilizokua zinatoka moja moja kama mtu anahesabu chenji sasa zinakimbia, mjukuu akaweka kalamu chini akawa anasikiliza tu. Sikuelewa kitu na sikutaka waache. Orodha ina kazi yake, siikatai, ila kwa nilichokisikia mchana ule naona tulikua tunaondoka na mifupa tu.

Jioni jamaa akamuuliza bibi walikua wanaongea nini muda wote ule, akasema ni habari za mahari ya mtu fulani, mambo ya zamani, na jina akagoma kulitaja. Kesho yake orodha hatukuigusa, tulienda kumchukua tena yule rafiki yake mapema.