Glopu Mbili, Betri Moja na Darasa Lililogawanyika

Ukitaka kujua kama kidato cha pili wameuelewa umeme wa mkondo, usiwaulize kanuni ya Ohm. Hiyo wanaighani kama wimbo wa taifa. Chora betri na glopu mbili zilizofuatana, halafu uliza ipi itawaka zaidi. Kwangu mikono mingi huiendea iliyo karibu na betri. "Madam, ya kwanza inakula umeme mwingi, ya pili inapata mabaki."

Mabaki hayo hayafutiki kwa chaki. Ndiyo maana natumia simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, za PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Ni za bure, na faili ukishalipakua linafunguka hata bila intaneti. Langu liko kwenye flashi, projekta ikipatikana tunaanza.

Ile ya kuunda sakiti inaonyesha elektroni kama vidonge vya buluu ndani ya waya. Ukifunga swichi, vyote vinasogea kwa pamoja, mzunguko mzima. Hakuna kinachomsubiri mwenzake wala kinachoishia njiani. Naweka ameta (vipima mkondo) tatu: kabla ya glopu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Zote zinasoma namba ileile.

Lakini swichi haifungwi mpaka kila mtu ameandika utabiri wake kwenye daftari, kwa peni. Hapa sina huruma. Mwanafunzi asiyetabiri ataangalia vidonge vikizunguka, atashangilia betri ikiwaka moto kwa shoti, na kengele italia akiwa bado na mabaki yake kichwani. Projekta haifundishi mtu. (Wapo pia watakaolalamika kwamba vidonge vinakwenda kinyume na mshale wa kitabuni. Hao wako macho. Waonyeshe kitufe cha kubadili elektroni kuwa mkondo wa kawaida, ule unaochorwa kutoka chanya kwenda hasi.)

Baada ya hapo tunahamia mezani: betri za tochi, waya, na glopu ndogo za dukani. Na hapo ndipo kimbembe. Kwenye kundi moja glopu iliyo karibu na betri iliwaka vizuri, ya pili ikafifia. Kelele! "Si tulisema? Kompyuta imedanganya!"

Sikubishana nao. Niliwaambia wazibadilishane nafasi, basi. Iliyokuwa ya kwanza ikawekwa ya pili, na mwanga ukahama nayo. Wakarudia wenyewe, wakageuza na betri, bado glopu ileile ndiyo iliyong'aa. Kumbe tofauti haikutokana na nafasi, ilikuwa ndani ya glopu: za dukani hazifanani hata zikitoka pakiti moja, na za kwenye kompyuta zinafanana mpaka uamue vinginevyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye somo, na usingelipata kwa kompyuta peke yake wala kwa meza peke yake.

Binti mmoja wa nyuma, ambaye huwa haulizi, akauliza: "Kama mkondo ni uleule, mbona moja inang'aa zaidi?"

Tukarudi kwenye skrini. Betri volti 9, glopu mbili zenye ukinzani wa ohm 10 kila moja: ameta zinasoma ampea 0.45. Nikaipandisha moja hadi ohm 20. Ameta zote zikashuka pamoja mpaka 0.30, ila ile ya ohm 20 ikang'aa kuliko mwenzake. Wakapiga hesabu ubaoni, mkondo mara mkondo mara ukinzani: wati 1.8 kwa ile ya ohm 20, 0.9 kwa ile ya ohm 10. Yule binti ndiye aliyeandika jibu. Kipindi kijacho tunaziunganisha sambamba, na nimeshawaambia waje na utabiri wao.