Stika shingoni mwa kiroba: kutoza taka kwa wingi wake Kigoma

Ada ya taka ikiwa moja kwa kila kaya, mpangaji wa chumba kimoja pale Mwanga, anayekula kwa mama lishe mchana na jioni, anamlipia jirani mwenye watu kumi na banda la chipsi. Kwamba kila mtu alipe kwa taka zake, hilo halina ubishi. Ubishi unaanza kwenye kipimo.

Nyie mnaopanga kuzoa taka mtaani, mizani iacheni. Ile ya kuning'iniza inapendeza kwenye picha za uzinduzi, ila kazini inachelewesha guta na kuzua kelele kila mlango. Tena inamwumiza asiyestahili, maana taka za huku zina uzito wa maji na mchanga. Maganda ya ndizi na mihogo mibichi ni maji matupu. Mchanga wa kufagia uwanja ndio balaa kubwa zaidi: ndoo ya lita 20 ikijaa mchanga mkavu inafika kilo 30, wakati ndoo hiyohiyo ya taka mchanganyiko za nyumbani ina kama kilo 8.

Basi hesabuni ujazo, na chombo chake kipo tayari kila nyumba: kiroba cha sembe cha kilo 25. Kinameza ndoo mbili za lita 20 na bado kinabaki na shingo ya kufungia. Taka za kawaida humo ndani ni kilo 16 hivi, na kaya ya watu watano au sita hujaza kimoja kwa wiki. Korea Kusini, tangu 1995, kaya zinanunua mifuko rasmi ambayo bei yake imebeba gharama ya kuzoa. Huku hakuna sababu ya kuagiza mifuko. Stika yenye namba inatosha.

Stika yenyewe ina mambo yake. Ya karatasi mvua inaila. Ya plastiki nyembamba inafaa, lakini msiibandike ubavuni mwa kiroba. Gundi haishiki kwenye nyuzi zenye vumbi la unga. Iwe ndefu kama kiganja, izungushwe shingoni na ncha zake zigandane zenyewe kwa zenyewe. Ikatwe mikato miwili mitatu pembeni ili anayejaribu kuibandua aichane. Na ifungwe guta likisikika, si usiku, kwa sababu kiroba kilicholala barabarani na stika yake asubuhi kitakutwa hakina. Mzoaji akipakia anachana nusu ya stika na kubaki nayo. Jioni nusu hizo zinahesabiwa na mtunza fedha mbele ya dereva, na zisipolingana na viroba vilivyoshushwa dampo, kuna mtu amebebewa bure.

Sasa bei, na hapa ndipo miradi mingi inapozama. Tuchukue mtaa wa mfano wenye kaya 400, kila moja viroba vinne kwa mwezi, jumla 1,600. Guta linabeba viroba 32, sawa na nusu tani, kwa hiyo ni tripu 50. Tuseme mishahara, malipo ya guta na stoo ni sh 350,000 kwa mwezi, zitoke taka nyingi au chache. Mafuta na vibarua ni sh 8,000 kwa tripu, yaani sh 400,000. Jumla sh 750,000.

Wengi watagawanya 750,000 kwa viroba 1,600, wapate 469, waseme stika iwe sh 500. Mwezi wa kwanza kila mtu anafurahi. Halafu watu wanafanya kile hasa mlichotaka wafanye, wanapunguza taka, viroba vinashuka hadi 1,000. Mapato yanakuwa sh 500,000. Tripu zimepungua hadi 32, lakini mishahara haijapungua, kwa hiyo matumizi ni sh 606,000. Mnadaiwa sh 106,000 kwa sababu mpango umefanikiwa.

Dawa ni kutenganisha. Ile 350,000 igawanywe kwa kaya zote, inakuja 875. Fanyeni 1,000 ili kuwe na akiba ya wasiolipa. Ile ya tripu igawanywe kwa viroba, stika iwe sh 250. Viroba vikishuka hadi 1,000, mnaingiza sh 650,000 na kutumia 606,000. Mfuko haufi.

Tena msiuze ile ada ya 1,000 ikiwa tupu. Iwe 1,500 ikiwa na stika mbili ndani. Aliyekwisha kulipia stika ana kila sababu ya kuzitumia. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kwanza, haikupi nafasi ya kukimbia na umeme bila kulipa, lakini taka zinatupika usiku, na Kigoma ni mji wa miteremko na makorongo: kinachotupwa korongoni mwezi wa tisa, mvua za Oktoba na Novemba zinakifikisha Ziwa Tanganyika bila nauli. Mwingine atachoma plastiki uani. Nyumba isiyotoa kiroba hata kimoja mwezi mzima na haina shimo la taka, mwenyekiti wa mtaa apite akaulize kwa adabu. Na ile ada ya msingi lazima iingie kwenye sheria ndogo za manispaa. Bila hivyo mkaidi mmoja akigoma, mtaa mzima unamwangalia.

Kabla stika haijauzwa, watu waonyeshwe namna ya kupunguza. Mchanga urudi uwanjani. Fagieni takataka pembeni kwanza, mkung'ute. Majivu ya mkaa yalale usiku mzima kwenye kopo la bati, kwani kaa moja hai linatoboa kiroba na kuwasha guta zima. Maganda ya mihogo mpe mbuzi, lakini yaanikwe juani siku mbili tatu kwanza, hasa ya mihogo michungu, yana sumu. Yaliyobaki yaingie shimoni. Shimo la mita moja kila upande linabeba lita 1,000. Kila mkitupa, funikeni kwa udongo kidogo, nzi wasipate pa kutaga. Upande wa juu wa mteremko wekeni tuta, maji ya mvua yasiingie. Liwe mbali na kisima. Matumbo ya samaki, migebuka na wengine, yafukiwe chini kabisa, angalau nusu mita ya udongo juu yake. Pungufu ya hapo mbwa watayafukua usiku huohuo.

Nyumba za wapangaji ndizo zinazochosha. Vyumba sita, uwanja mmoja, kiroba kimoja cha wote, na stika yake hainunuliwi na yeyote. Kila chumba kiwe na kiroba chake chenye namba iliyoandikwa kwa maka peni, na ada ya msingi ailipe mwenye nyumba ndani ya kodi. Mwenye mtoto wa nepi au anayeuguza mtu kitandani apewe stika mbili za nyongeza. Nepi hazipunguziki.

Mtashindiliwa. Seattle, Marekani, walipoanza kutoza kwa idadi ya mapipa mwaka 1981, watu walikanyaga taka ili zienee kwenye mapipa machache. Kanuni rahisi: kiroba ambacho mtu mmoja hawezi kukinyanyua hadi kiunoni hakipakiwi, stika au bila stika. Wakati wa mvua kanuni hii itatumika zaidi, kwani kilicholowa kinaongezeka uzito, na guta lililopakiwa 32 kwenye kilima chenye utelezi litarudi kinyumenyume.

Anzeni mwezi wa sita, kiangazi. Mwezi wa kwanza gaweni stika bure mhesabu tu, na kila tripu chagueni viroba vitano mvipime. Zile kilo 16 ni za mfano. Mkikuta wastani wenu ni kilo 20, guta lichukue viroba 25, na stika ya sh 250 iwe sh 320 kabla hamjauza hata moja.