Siku moja na msafara wa 1941: debe, daraja na matope

Saa 12:30 asubuhi. Ukumbi bado mtupu. Natandaza ramani tatu sakafuni na kuziunganisha kwa gundi ya karatasi: kaskazini mwa Kenya, Somalia, kisha Ethiopia hadi Addis Ababa. Leo wanafunzi wa historia ya vita wanaendesha upya, kwa penseli na kikokotoo, mbio za jeshi la Uingereza la Jenerali Alan Cunningham dhidi ya Waitaliano: takribani kilomita 2,770 kwa siku 53, hadi Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941. Wengi hupenda tuanze na Ufaransa ya 1940, ilipovamiwa na Wajerumani. Mimi huanza hapa kwa sababu vita vya magari vinaonekana uchi katika safari hii, na kwa sababu askari wengi waliosafiri juu ya malori hayo walikuwa keya, King's African Rifles, wanaoelekezana kwa Kiswahili.

Juu ya meza naweka debe tupu la bati. Galoni 4, lita 18 na kidogo. Hilo ndilo somo la leo.

Saa 2:00. Darasa limejaa. Tunaweka pini kwenye ramani: Kismayu tarehe 14 Februari, Jelib tarehe 22 baada ya kuvuka Mto Jubba, Mogadishu tarehe 25. Jijiga 17 Machi, Harar 26 Machi, Dire Dawa 29 Machi. Kila kundi linaandika umbali kati ya pini na pini, kisha linagawanya kwa siku. Mogadishu hadi Jijiga, safari iliyoanza tarehe 1 Machi, ni kama kilomita 1,200 kwa siku 17, wastani wa kilomita 70 kwa siku. Kwa lori la peke yake hizo si mbio. Kwa jeshi ni mbio za ajabu, na saa moja ijayo inaeleza kwa nini.

Saa 3:00. Urefu wa msafara. Magari 1,000, kila moja likiacha mita 100 mbele yake ili ndege isipige mawili kwa bomu moja. Huo ni mstari wa kilomita 100. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, gari la mwisho linapita mahali fulani saa 4 baada ya la kwanza. Sasa weka lori moja lililokatika ekseli juu ya daraja jembamba. Nyuma yake kilomita zote 100 zinasimama, rejeta zinachemka, na petroli inaendelea kuungua bila hatua hata moja. Ndiyo maana lori bovu husukumwa bondeni papo hapo, mzigo ukiokolewa kama kuna nafasi. Makanika aliyepangwa mkiani ndiye anayeamua lipi linatengenezeka. Akipangwa mbele, kila gari linalokufa linabaki nyuma yake.

Wanafunzi husahau vumbi. Vumbi huziba kichujio cha hewa, injini hula oili mara mbili, silinda hukwaruzika. Jeshi linaloonekana zima kwenye karatasi linaweza kuwa na theluthi ya magari yake kando ya barabara.

Saa 4:00. Hapa tunakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, nami sioni haja ya kuharakisha.

Nalishika debe, nageuza pembe yake kwenye mwanga. Bati ni jembamba, mshono umelehemiwa kwa madini ya risasi. Madebe mawili huingia kwenye kasha moja la mbao. Kwenye barabara yenye mawimbi ya changarawe kasha hutikisika siku nzima, na mshono wa pembe hupasuka kwanza. Petroli inatiririka chini ya turubai, askari wanaipumua, na cheche moja inatosha kuteketeza mzigo. Jerikeni ya Kijerumani ya lita 20, yenye mshono mmoja wa kati na mdomo unaofungwa kwa kabari, ilikuwa chombo bora mno hata Waingereza wakaiiga. Mwaka huo huku kwetu kulikuwa na debe.

Hesabu tunaifanya kwa makadirio ya darasani. Lori la tani 3 linabeba madebe 200, yaani lita 3,640. Tukikadiria moja kati ya matano yanavuja, zinabaki lita 2,912. Lori linakula lita 40 kwa kila kilomita 100. Kwenda Jijiga na kurudi Mogadishu ni kilomita 2,400, kwa hiyo linajilia lenyewe lita 960. Linalofika mbele ni kama lita 1,950: madebe 107 kati ya 200. Na safari hiyo, kwa kilomita 160 kwa siku, inachukua siku 15. Ukiwa na malori 60, ni malori manne tu yanayoshusha kila siku, jumla lita 7,800.

Ndipo nawaambia waweke pini mpya: Berbera, 16 Machi. Kikosi kutoka Aden kilishuka pwani na kuitwaa bandari. Berbera hadi Jijiga ni kama kilomita 320. Malori yale yale 60 sasa yanamaliza safari kwa siku nne, 15 yanashusha kila siku, kila moja likibakiwa na lita 2,656. Karibu lita 40,000 kwa siku. Mara tano, bila kuongeza lori hata moja.

"Mwalimu, kwa hiyo aliyeshinda ni bandari?" anauliza mmoja.

Bandari pamoja na ghala. Mogadishu ilipoanguka, Waitaliano waliacha takribani galoni 350,000 za petroli ya magari. Hayo ni madebe 87,500 ambayo hakuna dereva aliyelazimika kuyabeba kutoka Kenya. Bila zawadi hiyo, safari ya kwenda Jijiga isingeanza tarehe 1 Machi. Kuna mengine pia: barabara ya kwenda kaskazini ilijengwa na Waitaliano wenyewe, ndege za Afrika Kusini zilitawala anga, wazalendo wa Ethiopia walibana ngome ndani ya nchi, na Waingereza walikuwa wakisoma mawasiliano ya siri ya adui. Kasi haikufanya kazi peke yake. Ilichofanya ni kumnyima adui nafasi ya kujipanga: kila alipochagua mto au mlima wa kusimamia, msafara ulikuwa umekwishafika. Katika mbio zote hizo majeruhi, waliouawa na waliopotea wa Cunningham walikuwa 501, na mateka walipita 50,000.

Saa 7:30 mchana, baada ya chakula. Madaraja. Napita haraka: Mto Awash, madaraja yamelipuliwa, Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki inavuka tarehe 3 Aprili, wahandisi wanafuata. Kanuni ya zoezi ni kwamba vifaa vya daraja vinakaa mbele ya msafara, nyuma tu ya kikosi cha doria. Kundi moja limeviweka kilomita 80 nyuma. Linapoteza siku nzima.

Saa 8:30. Ramani ya maziwa, kusini mwa Addis Ababa. Jeshi lile lile, malori yale yale, ila sasa ni Aprili hadi Juni na mvua inanyesha. Hapa wastani wa kilomita 70 unakufa. Gurudumu linazunguka, tope linafika kwenye difu, askari wanashuka kukata matawi na kusukuma. Ngome ya Waitaliano ya Wadara ilishikilia hadi tarehe 10 Mei. Gondar, juu milimani kaskazini, haikusalimu amri hadi 27 Novemba 1941, miezi saba na zaidi baada ya Addis.

Tunasimama Colito, 19 Mei. Keya wa kikosi cha 1/6 wamevuka mto, Waitaliano wanawarudishia kwa vifaru. Sajini Nigel Leakey anaruka juu ya kimoja, anafungua kifuniko kwa nguvu, anawapiga risasi waliomo isipokuwa dereva, anamlazimisha aendeshe hadi mafichoni. Aliuawa siku hiyo hiyo akishambulia kingine. Ushujaa wake hauna mfano, lakini nataka waone pia kifaru chenyewe: kikifungwa, wafanyakazi wake wanatazama dunia kupitia nyufa, na pasipo askari wa miguu ubavuni, mtu mmoja anaweza kukipanda.

Saa 9:30. Maswali. Ufaransa? Wajerumani walitoka Sedan tarehe 13 Mei 1940 na kufika Abbeville tarehe 20, kwa barabara nzuri na vituo vya petroli njiani. Urusi mwaka uliofuata? Reli ya Urusi ya upana wa milimita 1,524 badala ya 1,435 ya Wajerumani, na farasi wao zaidi ya 600,000 nyuma ya vifaru. Vita vya Kagera? Naonyesha Lukaya, Uganda, Machi 1979: barabara inayokatiza kinamasi, kifaru hakina pa kukwepea, na askari wa Tanzania waliofika Kampala wengi wao wametembea kwa miguu.

Saa 11:00 jioni. Nakunja ramani, nasahihisha majedwali. Makundi matatu kati ya matano yamesahau kuhesabu petroli ya kurudi. Kesho tunaanzia hapo, na debe linabaki mezani.