Gari ya karafuu za mama

Mwaka 2013 mama aliuza karafuu, kilo 300 kasoro chache, kwa shilingi 14,000 kila kilo. Fedha alizifunga kwenye pindo la kanga, akanifungulia mkekani na kuniambia, "Kanunue gari."

Sikuwa nimemuomba. Nilikuwa nasomesha skuli moja ya Chake Chake, kwetu Pemba, na leseni yangu ilikuwa na wiki tatu. Magoti ya mama yalikuwa yamemshinda. Kila siku ya kliniki alipanda gari ya abiria pale Mtambile hadi hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, akinyanyuliwa na kushushwa na watu asiowajua. Hilo lilikuwa likiniuma kuliko nilivyowahi kumwambia.

Fedha za karafuu hazipatikani kwa kukaa. Mchumaji anapanda juu ya mti mrefu wenye matawi mepesi kuvunjika, na ujira wake anahesabiwa kwa pishi, kipimo chetu cha ujazo. Jioni nyumba nzima mnachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vyake, vidole vinanata na kunukia hata mkila wali. Halafu kuanika: siku kadhaa majamvini, macho mbinguni, likitanda wingu mnakimbia kuanua. Na mkarafuu haukupi sawasawa kila mwaka. Ukizaa mno msimu huu, unaofuata huenda usipate hata kapu. Niliyajua yote hayo toka utotoni, ndiyo maana katika meli ya kwendea Unguja sikuutoa mkoba mapajani.

Ami yangu ni fundi gari Mwanakwerekwe. Nilipomfikia nilikuwa nimeshaipenda gari, Starlet nyekundu iliyokuwa ikimeremeta kama imetoka dukani jana. Ami hakushughulika na rangi. Dalali hajamaliza kuitikia salamu, kiganja cha ami kilikuwa juu ya boneti.

"Mbona ina moto?"

Dalali akasema ametoka kuisogeza kivulini. Ami alinivuta pembeni. "Gari ya kununua uikute imelala, mwanangu. Ikishapashwa moto, maradhi yake huyasikii."

Akatoa sumaku aliyoifunga kwa kitambaa, akaipitisha mlangoni. Juu iling'ang'ania, chini ikadondoka: palikuwa na puti tupu, bati lilishakwisha. Kisha akainua kapeti ya miguuni pa dereva na kukandamiza bisibisi. Ilizama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, nikauona mchanga wa uwanjani kupitia tundu lile.

Upepo wa bahari unakula chuma visiwani kwetu, hakuna asiyejua. Lakini kuifunika kutu kwa rangi na kumuuzia mtu afunge watoto wake ndani! Mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio. Kidogo tu, jasho la mama lingeishia katika tundu lile.

Tulizunguka siku nne nyengine. Ya tano tukaipata Fuoni, Starlet nyeupe ya giya, ya mzee mmoja mstaafu. Ubavuni imekwaruzwa, viti vimepauka, lakini tuliikuta baridi na ikawaka kwa stata moja. Ami aliinama kwenye bomba la moshi muda mrefu. Hakuona moshi wa bluu, ule wa injini inayokula oili. Akalinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, akinisomesha na mimi. Bei ilikuwa 5,600,000. Zilizopungua nilizijazia kwa akiba yangu ya mshahara.

Ilipakiwa kwenye meli bandari ya Malindi, pale pale Unguja, ikafungwa kamba baina ya magunia. Usiku, tulipokuwa usawa wa Nungwi, abiria walinyamaza, na bibi mmoja karibu yangu akaanza kusoma Yasini kwa moyo. Ilikuwa mwaka wa pili tu tangu MV Spice Islander kuzama katika mkondo ule, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Hapana aliyelitaja jina lake. Nilikaa nikisikiliza sauti ya yule bibi mpaka taa za Pemba zikaonekana.

Asubuhi Mkoani. Anayeijua bandari ile anajua kwamba ukitoka tu unakabiliwa na mlima. Mbele yangu lori likasimama katikati ya mpando, nami nikasimama. Lilipoondoka niliachia klachi kwa haraka, gari ikazima na kuanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Nikawasha, ikazima tena. Nyuma honi zilikuwa zikipigwa mfululizo, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukitetemeka hata nauona.

Hamali mmoja aliacha gari lake la mkono, akaokota jiwe, akaliweka nyuma ya tairi langu. Akasogea dirishani. "Sasa haiendi pahala. Vuta breki ya mkono. Balansi klachi polepole, ukisikia inataka kwenda, iachie."

Nikavuta pumzi, nikaisikia gari inanyanyuka puani kidogo, nikaachia. Ilipanda. Kwenye kioo nilimuona akilipiga jiwe teke hadi ukingoni na kurudi kwenye mizigo yake. Sikupata hata kumwambia ahsante, na bandarini sikumuona tena.

Mtambile mama alikuwa kibarazani toka alfajiri, chetezo mkononi. Aliizunguka gari yote akiifukiza udi, akisoma, akishika bodi kila hatua ili goti lisimuangushe. Kwenye ule mkwaruzo alisimama, akaupapasa kwa kidole, akaendelea. Nikamfungulia mlango wa mbele. Aliingia mwenyewe, mguu mmoja mmoja, kwa wakati wake.

Nikamuhadithia ya mlima na hamali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaiweka kanga yake sawa.

"Basi twende Mkoani," akasema. "Nikuone unavyoupanda."