Birika la Bibi, Vigae na Alizeti: Msimu Wangu wa Kwanza wa Bustani

Mmea wangu wa kwanza ulikuwa mrehani, na niliupanda ndani ya birika la kauri lililovunjika mdomo. Birika lilikuwa la bibi. Sikuwa na moyo wa kulitupa, na kabatini halikuwa na nafasi, nikaona bora likae kibarazani likiwa na kitu kibichi ndani yake. Nilitandika changarawe chini, maana kila niliyemuuliza aliniambia changarawe ndizo zinazochuja maji. Nikajaza udongo, nikaupanda mche, nikawa naumwagilia asubuhi na jioni bila kukosa.

Wiki mbili hazijaisha, majani ya chini yakaanza kugeuka njano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku nilipoung'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia na laini. Ukiishika ganda lake linachubuka, unabaki na uzi mwembamba vidoleni. Udongo ulinuka uozo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mizizi nayo inahitaji hewa, na udongo unaokaa umelowa muda wote hauna pa kuiweka hewa hiyo. Zile changarawe nazo ziliongeza tatizo. Maji yakiwa kwenye udongo laini hayateremki kwa urahisi kuingia kwenye mianya mikubwa ya mawe. Hungoja juu yake mpaka udongo ushibe kabisa. Tope ambalo lingekaa chini kabisa ya birika nilikuwa nimelipandisha juu, karibu zaidi na mizizi. Kilichohitajika ni tundu tu.

Kutoboa kauri kulinitia hofu, kwa sababu birika lenyewe lilikuwa moja. Jirani yangu, mama mmoja aliyelima bustani miaka mingi, alikuja na keekee yake ya betri na biti ya vigae. Tukaligeuza birika kifudifudi juu ya taulo. Akabandika utepe wa karatasi pale pa kutoboa ili biti isiteleze, akanikabidhi keekee.

"Mwanangu, usikandamize," akaniambia. "Acha biti ile yenyewe, taratibu."

Yeye akawa anadondosha maji kidogo kidogo ili pasipate moto, maana kauri ikichemka hupasuka. Unga mweupe ulichanganyika na maji ukawa kama maziwa. Mlio ukabadilika, ukawa mzito, kisha biti ikapita. Tundu la upana wa kidole cha mwisho! Tulimimina kikombe cha maji ndani, tukakaa wawili tukiyatazama yakitokea chini. Furaha ile ninayo mpaka leo.

Mrehani wa pili bado unaishi humo. Siumwagilii kwa saa wala kwa siku. Natia kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukiwa mkavu, naumiminia maji hadi yachuruzike chini. Kidole kikitoka na udongo mbichi uliogandamana nacho, nauacha.

Baada ya birika sikushikika tena. Buti za mvua zilizotoboka soli zilikuwa zimeshajitengenezea matundu zenyewe, nikapanda nanaa, moja kila buti, nikazitundika ukutani. Nanaa inafaa kufungiwa namna hiyo, maana ikiachiwa ardhini hutambaa chinichini na kuwanyang'anya wenzake nafasi. Makopo ya rangi nikayapaka nyeusi kwa kuwa niliona majani yatapendeza mbele yake. Yalipendeza kweli, lakini jua la mchana lilipoyapiga nilishindwa kuyashika. Miche ya saladi ikanywea mle ndani. Niliyapaka upya rangi ya krimu na kuyahamishia upande unaopata kivuli mchana, na saladi ikainuka ndani ya siku chache.

Mawe ndiyo niliyoyapenda zaidi kwa urahisi wake. Mwanzoni niliandika majina ya mbegu kwenye vijiti kwa kalamu ya wino, jua likayafuta, nikawa na tuta zima nisilojua kilichomo. Nikaokota mawe bapa ya ukubwa wa kiganja, nikayaosha, nikayachorea: figili jekundu lenye mkia, nyanya, karoti iliyocheka. Nikayapaka vanishi ya nje. Kila jiwe likakaa kichwani mwa mstari wake. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: panda figili kwanza. Fukia mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake, usizidishe, weka unyevu, na siku ya nne au ya tano unaona majani mawili yenye umbo la moyo. Wiki ya nne unang'oa. Mtu ambaye bado hajiamini anahitaji jibu la haraka kama hilo, na nyanya haiwezi kumpa, kwa kuwa tangu mbegu hadi tunda ni miezi kadhaa.

Halafu kikaja kisa cha sahani. Rafu ilianguka jikoni, sahani sita zikawa vipande. Nilikuwa ninavikusanya nivitupe nikamkumbuka Nek Chand wa Chandigarh, India. Alikuwa mkaguzi wa barabara, na kuanzia mwaka 1957 alikwenda kwa siri kwenye eneo la msitu wa serikali, akijenga kwa vigae vilivyovunjika, bangili, vyombo vya kauri na mawe. Alijenga watu, wanyama, kuta na njia. Serikali ilipogundua katika miaka ya 1970, mahali penyewe palikuwa na mamia ya sanamu. Wangeweza kubomoa. Badala yake pakafunguliwa kwa umma mwaka 1976, naye akapewa mshahara na wafanyakazi 50 ili aendelee. Yote hayo yalitokana na vitu ambavyo watu walikuwa wamevitupa. Nikaviweka vipande vyangu kwenye ndoo badala ya pipa la taka.

Kwa vipande vile nilijenga kijumba chini ya mahali nilipopanda alizeti. Chungu cha udongo kilichopasuka katikati kikawa ukuta na paa. Kipande cha mbao kikawa mlango, na kifungo cha koti kikawa kitasa. Vipande vya sahani vilitengeneza njia yenye kona, upana wa vidole vitatu, ikielekea mlangoni. Vaa glavu ukifanya kazi hii, na usugue kila ukingo kwa jiwe la kunolea kwanza, kwa sababu kauri iliyovunjika hukata kama wembe, na ni mikono yako hiyohiyo itakayopalilia hapo baadaye. Nilivigandisha kwa gundi ya vigae, nikaacha siku nzima, ndipo nikajaza mianya. Kando nikaweka kisosi kimoja kilichosalimika, kiwe bwawa la ndege. Maji yake nayabadilisha kila siku ya pili, maana mbu anahitaji wiki moja hivi tu kutoka yai hadi kuruka.

Wapo walioniambia mapambo ni mchezo, na kwamba mkulima wa kweli hushughulika na mimea. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwa sababu ya kijumba kile nilikuwa ninapiga magoti kwenye udongo kila asubuhi, kusafisha njia, kuondoa jani lililoanguka mlangoni, kusogeza jiwe. Na asubuhi moja nikiwa pale chini, macho yakiwa usawa wa shina, nikaona upande wa chini wa majani ya alizeti umejaa vidukari, wadogo kama mbegu za ufuta, na sisimizi wakipanda na kushuka kuwafuata kwa ajili ya utomvu mtamu wanaoutoa. Kwa mtu aliyesimama mmea ulionekana mzima kabisa. Niliwaosha kwa maji ya bomba yenye nguvu, jani kwa jani, nikarudia siku tatu mfululizo. Wiki iliyofuata wakatokea wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, wakawala waliobaki. Kama ningekuwa nimepuliza sumu siku ile ya kwanza, nisingewaona wageni hao.

Alizeti ikakua ikanipita urefu. Ilipokuwa changa niliifuatilia kwa furaha ya mtoto: asubuhi kichwa mashariki, jioni magharibi, na usiku inajirudisha kimyakimya kuingoja siku mpya. Niliweka kigoda karibu na mlango wa nyuma, upande wa magharibi wa bustani, na mlango wa kijumba ukaelekea huko pia, ili jioni nikikaa nitazamane na ua. Ua lilipochanua kabisa, likakoma kugeuka. Likabaki limeelekea mashariki, kama zinavyofanya alizeti zilizokomaa. Jua la asubuhi hulipasha moto mapema, na nyuki hulipenda kwa hilo. Mimi nikawa nimekaa nyuma ya kisogo chake.

Basi nilikihamisha kigoda. Nikabandua njia ya vipande vya sahani kwa patasi, kipande kimoja baada ya kingine, nikaizungushia upande wa pili wa shina, nikaugeuza na mlango wenye kifungo cha koti. Kahawa yangu siku hizi nainywa alfajiri, nikiwa nimeligeuzia mgongo jua linalochomoza, na nyuki wa kwanza wanafika kabla kikombe hakijaisha.