Dakika 45 za Akiba

Mwalimu wetu wa hisabati aliingia darasani Jumamosi ile na saa ya ukutani kwapani. Aliitoa ofisi ya walimu, akaisimamisha mezani ikiwa imeegemea ubao, kisha akaandika kwa chaki: kuanza saa 2:00, kumaliza saa 4:15. Ilikuwa mwaka 2009, tuko Kidato cha Nne pale Kigoma mjini. Mtihani wa utamilifu, ule tuliouita moko, ulikuwa umeshapita, na wa taifa wa Oktoba ulikuwa unanukia.

Mwenzangu wa dawati, kijana wa Ujiji asiyeweza kukaa na swali moyoni, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, pepa ya Baraza la Mitihani si ya saa tatu nzima?"

"Ni ya saa tatu. Dakika 45 nimewawekea akiba. Mtazikuta Oktoba."

Minong'ono ikaanza, naye akaiacha iishe yenyewe. Akageukia ubao akapiga hesabu mbele yetu. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, yote ya lazima. Sehemu B unachagua manne, kila moja alama 10. Jumla alama 100 kwa dakika 135. Basi swali la alama 6 lina dakika 8, la alama 10 lina dakika 13. Ukijumlisha unapata 132, na zile tatu zinazobaki ni za kusoma karatasi kabla hujagusa kalamu. "Dakika zako zikiisha, acha nafasi, songa mbele. Hata kama jibu unaliona linakuja."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Kila baada ya dakika 8 aligonga meza kwa rula ya mbao, na mlio ule uliniingia mwilini. Swali la pili lilikuwa la logariti. Vikokotoo vilikuwa haviruhusiwi, kwa hiyo ni kitabu cha jedwali mkononi, kidole kinashuka kwenye safu, kinakwenda kulia, unaongeza tofauti, unaandika, unarudi tena kutafuta namba nyingine. Nilikuwa katikati ya kazi hiyo rula ilipogonga. Kuliacha swali ambalo umeshaanza kulielewa kunauma, na sitaki kusema vinginevyo. Niliacha nusu ukurasa mtupu nikaenda la tatu.

Tulipofika sehemu B nikaanza kuona alichokuwa anatufundisha. Maswali yalikuwa sita, na mtu mwenye muda wa kutosha huanza lile la kwanza kwa sababu tu liko la kwanza. Kwa dakika 13 huwezi. Nililisoma lile la kutafuta faida kubwa kwa kuchora mistari na kutia kivuli: maneno mengi, yote Kiingereza, na sisi tulikuwa tunasoma Kiingereza huku tunafikiri Kiswahili. Kulielewa tu kungekula dakika nne. Nikaliruka. Nikachagua la urari wa hesabu za biashara, kisha la dunia kama tufe, ambalo mwalimu alilitunga mwenyewe: Kigoma iko latitudo 5 kusini, longitudo 30 mashariki, Tabora latitudo hiyohiyo, longitudo 33. Nusu kipenyo cha dunia kilomita 6,400. Tafuta umbali kwa kufuata mstari wa latitudo. Tofauti ni nyuzi 3, unazigeuza kilomita kwa mzingo wa dunia, unazidisha kwa kosaini ya 5, unapata kama kilomita 334. Alikuwa amekadiria nyuzi ili hesabu iwe nyepesi, na reli yenyewe inazidi kilomita 400 kwa kuwa haiendi moja kwa moja, lakini darasa zima lilipenda kuukuta mji wetu ndani ya pepa.

Zilibaki dakika chache nikarudi kwenye logariti. Njia niliyokuwa nimeikosa ikajitokeza bila kuitafuta, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeliachia swali lile kwa muda. Mpaka leo naamini jambo hilo kuliko ushauri wowote wa mitihani.

Aliposahihisha, alama zangu zilikuwa zilezile za moko, ambao tuliufanya kwa saa tatu kamili. Si mimi peke yangu. Mwalimu akatuuliza dakika 45 zilikuwa zinakwenda wapi, kisha akatutajia: kunakili swali zima kabla ya kulijibu, kupiga mistari ya pembeni kwa rula, kufuta na kuandika upya kitu kilekile, na kulikodolea macho swali moja hadi msimamizi atangaze nusu saa iliyobaki.

Oktoba nilifanya kwa mpango uleule wa dakika 8 na 13, nikaikuta akiba yangu. Niliitumia kujumlisha upya pande zote mbili za urari na kurudia swali moja la seti.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na B ya hisabati. Nilimpigia mwalimu simu siku hiyohiyo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Pepa uliimaliza zikiwa zimebaki dakika ngapi?"

Nilimjibu. Ndipo akauliza nimepata ngapi.